Kwikwi ya Gari la Gédéon

Gari la Gédéon lilikuwa na kwikwi. Haukuwa ugonjwa wa kulilaza, maana kazini lilimfikisha na kanisani lilimfikisha. Lakini kila lilipoondoka kwenye taa lilishtuka, likashtuka tena, likatoa moshi mweusi nyuma, na wote waliomo wakatikisa vichwa kama watu wanaomkubalia mhubiri. Mtaa mzima wa Lozells ulishalizoea. Muuza mboga wa pale kona, akimwona Gédéon anatia ufunguo, alisogeza nyanya zake ndani bila kuambiwa.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, wala hakulificha. Nozeli za kunyunyiza petroli zilipoziba, alikwenda yadi ya magari chakavu akanunua nyingine. Ziliingia vizuri kabisa, ila zilikuwa na matundu makubwa kuliko zile za kwanza. Injini ikawa inamwagiwa petroli kupita kiasi, na kompyuta inayoiongoza haina habari, inaendelea kupiga hesabu zake za zamani. Gédéon ni mwoka mikate, mzaliwa wa Uvira, mtu mfupi wa maneno mengi, mwenye unga kwenye nyusi hata Jumapili. Angeweza kuishi na kwikwi hiyo mpaka gari life. Tatizo ni kwamba Marlène, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa.

Ndugu walishamtafutia Marlène gari refu jeupe la kukodi. Akakataa katakata. Gari la baba yake ndilo alilojifunzia kuendesha, ndilo lililomngoja nje ya shule siku za mvua, na ndilo litakalompeleka kanisani Great Barr siku ya harusi. Gédéon akawa anatembea kifua mbele. Kisha, siku chache kabla ya harusi, akaenda kumchukua bibi harusi kwa msusi alikokwenda kujaribu mtindo wa nywele, gari likapiga kwikwi kwenye taa, na pini zikamtoka Marlène kichwani zikamwagikia mapajani.

“Papa, at this rate I'll get there with the veil on my knees!” alisema Marlène, ambaye Kiswahili anakisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Alicheka mpaka machozi, akiliwazia shela limemwangukia magotini.

Gédéon naye alicheka, lakini kicheko hakikumfika moyoni. Aliona aibu. Alitaka kitu kimoja tu: amfikishe mtoto wake mlangoni mwa kanisa ametulia, shela lake halijatikisika hata kidogo.

Aliyemfungulia njia ni Bhavini, mama wa Kihindi aliyezaliwa Nakuru, mteja wake wa mikate wa miaka mingi. Kwao walikuwa na gereji. Mpaka leo, na mvi zake zote, huichokonoa kompyuta ya gari lake mwenyewe mbele ya nyumba yake Great Barr, amevaa ovaroli juu ya nguo za hekaluni.

“Baba Marlène, hii gari haina ugonjwa,” alimwambia. “Ni kompyuta imedanganywa. Sasa tutaiambia ukweli. Lakini wewe ndiyo utaiambia, mimi nita-show tu.”

Akamwazima waya: upande mmoja kwenye laptopu, wa pili kwenye plagi iliyojificha chini ya dashibodi. Kwenye skrini likatokea jedwali la namba, mstari juu ya mstari, kila namba ikieleza petroli kiasi gani itiwe na wakati gani. Gédéon alilitazama akashikwa na kizunguzungu. Bhavini akampa masharti. Usiguse kitu kabla hujasoma faili la asili ukalihifadhi, na ukalihifadhi tena mahali pengine. Betri iwe kwenye chaja. Na ubadilishe kitu kimoja tu, uendeshe, usikilize, ndipo uguse kingine.

“Ah, mais hii ni mukate!” Gédéon aliruka. “Ukibadilisha maji na chumvi na levure, ile hamira, mara moya, mukate ukiharibika, utajua ni nini iliuharibu?”

“Basi kazi unajua. Na laptopu ikianza kuandika namba mpya kwa gari, usi-touch kitu. Hata simu ikilia. Hata nyumba ikiungua.”

Simu aliitaja, na nyumba kuungua alikutaja. Maombi hakuyataja.

Alhamisi jioni, jua bado lipo, Gédéon alikaa kwenye usukani mbele ya nyumba, waya wa chaja ukipita dirishani. Faili la asili lilikuwa kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye simu ya Marlène. Alibadilisha namba moja, ile ya ukubwa wa nozeli, akabonyeza kuandika. Mstari wa kijani ukaanza kujaa polepole. Hapo ndipo Léocadie, mkewe, alipotoka nje na kitambaa cha jikoni begani.

“Papa Marlène! Unaanza kazi ya harusi ya mutoto bila kuomba?”

Kwa Léocadie hakuna safari, chakula wala mtihani unaoanza bila maombi, na maombi nyumbani kwake yana adabu zake. Televisheni inazimwa. Simu inalazwa kifudifudi. Kitabu kilicho wazi kinafungwa. Gédéon ameishi na adabu hizo tangu Uvira, na mkono wake unazijua kuliko kichwa chake. Léocadie akaweka kiganja juu ya boneti, akainua sauti, “Baba yetu wa mbinguni,” na mkono wa Gédéon, kwa heshima zote, ukaifunga laptopu.

Yalikuwa maombi mazuri. Yaligusa nozeli, barabara, bwana harusi na wakwe. Gédéon akaitikia amina, akafungua laptopu. Laptopu ilikuwa imelala, na kuandika kulikatika katikati. Akazungusha ufunguo. Kimya. Hata kwikwi yenyewe hakuna.

“Mama Marlène,” alisema, “nimeua motokari.”

Léocadie akaketi kwenye ngazi ya mlango. Alipoelewa kilichotokea alijilaumu yeye, Gédéon akajilaumu yeye, wakagombea lawama kwa muda. Mwishowe Léocadie akasema kwa upole kwamba labda watafute lile gari refu jeupe. Gédéon alikuwa anayazuia machozi yasimtoke mbele ya muuza mboga.

Ijumaa akaja Bhavini. Alisikiliza kisa mpaka mwisho, akacheka hadi akaegemea gari.

“Nimeona watu wakiua gari na maji. Na pombe pia. Na maombi? Hii ndiyo ya kwanza!” Kisha akaacha kucheka. “Ile faili ya asili uko nayo?”

“Niko nayo mahali tatu.”

“Basi haijakufa. Imezimia.”

Akamwonyesha jinsi ya kuiandikia kompyuta kwa njia ya dharura, na Gédéon akaifanya kazi mwenyewe. Léocadie alisimama kando amebana midomo, sala zake zote zikiwa ndani kwa ndani. Mstari wa kijani ukajaa mpaka mwisho. Gédéon akazungusha ufunguo, na gari likanguruma na kwikwi zake zote, na wote watatu wakashangilia kelele ile mbaya.

Akaanza upya kama anayekanda unga. Namba moja, anaandika, anazunguka mtaa, anasikiliza, anarudi. Moshi ukaisha. Kwikwi ikapungua lakini haikuisha, akapunguza petroli kidogo tena kwenye namba ya wakati wa kuondoka. Mara wageni wakaanza kuingia nyumbani, akaitwa ndani kuwapokea. Rekebisho lile la mwisho hakupata nafasi ya kulijaribu.

Jumamosi gari lilifungwa riboni nyeupe. Marlène alikaa nyuma na mama yake, shela kichwani. Walishachelewa, na mchungaji alishapiga simu.

“Tuombe,” alisema Léocadie.

Wakainamisha vichwa. Léocadie akaanzia kwa mabibi wa mabibi, na Gédéon alijua safari ya kutoka huko mpaka kwa Marlène ni ndefu. Akatazama saa. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani: akaomba macho wazi. Akatia gia, akaachia klachi, akasubiri pigo.

Muuza mboga alikuwa ameshaingiza nyanya zake ndani. Kwenye taa Gédéon alisimama, akaondoka. Akasimama tena, akaondoka tena. Nyuma yake sauti ya Léocadie iliendelea bila kukatika. Hatimaye akasema amina, akainua kichwa, akakuta wameshapita Perry Barr.

“Papa Marlène! Tulitoka saa ngapi?”

Marlène alifumbua macho, akatazama nje, akaziba mdomo kwa mkono. “Papa... we're already moving?”

Gédéon alimtazama kwenye kioo. Shela lilikuwa pale pale alipoliweka msusi. Akamwitikia kwa kichwa. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akabadilisha gia, taratibu.