Kadi Juu ya Mlango wa Libuyu

Usimwambie Illuminée habari za libuyu kama hujawahi kubeba ubao wake begani. Mti huo wa msitu wa mvua wa Kongo husimama miaka mia na ushei kabla ya kukatwa, na mbao zake zikifika Kigali, yeye huzinusa kwanza ndipo aulize mengine. Alifundishwa na marehemu baba yake, seremala wa Bujumbura, walikoishi ukimbizini. Alipofungua karakana mtaani Kicukiro, humo humo Kigali, watu walicheka: mwanamke na randa wapi na wapi! Siku hizi wamenyamaza.

Basi siku moja Injinia Karangwa, mwenye jumba jipya Nyarutarama, alikuja kutazama mlango wa mbele aliouagiza. Ulikuwa umetoka kupigwa randa asubuhi ile, laini, wa rangi ya waridi iliyopauka. Akakunja uso.

"Mama, hii iko inturusu," akasema. Yaani mkaratusi, mti wa nguzo na kuni! "Libuyu iko nyekundu. Nimeona kwa jirani yangu."

"Nyekundu ile ya jirani imetoka ndani ya kopo ya rangi, patroni. Libuyu inakuwa nyekundu polepole, jua ikiipiga."

"Mimi si mtoto." Akabwaga kadi yake ya kazi mezani. "Ukipata libuyu ya kweli, unipigie."

Mafundi wote wa jirani walisikia. Illuminée aliumia, na si kwa ajili ya mlango, bali jina lake. Neno lile likizunguka Kicukiro, nani angemwamini tena? Habimana, seremala wa karakana ya pili, akamletea kopo la rangi. "Paka tu, dada. Saa moja iko nyekundu, naye anafurahi." Alijua asemalo huyo, mikaratusi mingapi ameivika joho hilo! Illuminée akamrudishia kopo lake. Akaibandika kadi ya Karangwa kwa selotepu katikati ya mlango, akauegemeza barazani panapopigwa na jua la asubuhi, akaendelea na kazi zake.

Mwezi ulipotimia akampigia simu. Karangwa akaukuta mlango umeiva kama chai kavu iliyokolea.

"Sasa umepaka," akasema.

"Bandua kadi yako mwenyewe."

Akabandua. Kadi haikuwa na hata tone la rangi, na chini yake palikuwa na mstatili uliopauka, rangi ile ile aliyoitukana. Akasugua ubao mwekundu kwa kidole, akakitazama. Kisafi.

"Nimekukosea, mama. Mbele ya watu hawa wote, nimekukosea."

Mafundi wakapiga makofi, Habimana naye kwa aibu zake. Illuminée alicheka mpaka machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Kisha akachukua randa aiondoe ile alama, Karangwa akamshika mkono.

"Iache."

"Jua itaifuta yenyewe, patroni."

"Basi kabla haijafutika, nitaita wageni wote waione, na nitawaambia ni kazi ya nani."