Bunduki ya Ndege Iliyoandikwa Gobore

Kaka yangu hakuwahi kumiliki gobore. Nalitamka hili kwanza kwa sababu katika daftari la polisi limeandikwa hivyo kimakosa. Gobore hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Yake ilikuwa bunduki ya kiwandani, nyepesi, yenye mtutu laini usio na mifereji ndani, na risasi zake nyembamba zilijaa chembe ndogo kama punje za ulezi. Ilifaa kwa ndege wa mtama na nyoka wa banda la kuku, basi. Leseni alikuwa nayo, na aliihuisha kila ilipopaswa.

Alifariki Butiama mtama ukianza kuchanua. Nilitoka Nyasho, mjini, ninakoishi tangu nistaafu uafisa utumishi, kwenda kuzika, na jioni ya maziko nikawaeleza wazee wa ukoo kwamba leseni hairithiwi: mwenyewe akifa, silaha hukabidhiwa polisi bila kuchelewa, kisha mrithi huomba kwa jina lake. Shemeji yangu, mjane, alitaka hivyo hasa. Mtama ule ndio chakula cha nyumba yake, na kwelea kwelea huja punje zikiwa bado na maziwa.

Wazee walikataa. Katika ukoo wetu silaha ya mwanamume haivuki kizingiti kabla ya matanga kuanuliwa. Kuitoa mapema ni kumfukuza mwenyewe. Niliwajibu kwamba sheria haina matanga. Baba yetu mdogo alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, ofisini mlikuwaga mnahamisha watu mnavyotaka. Huyu hatumhamishi."

Wakacheka, msibani. Bunduki ikabaki ukutani, juu ya kitanda kitupu.

Matanga yalipoanuliwa, mimi na shemeji tuliipeleka kituoni wenyewe. Afande, kijana nadhifu, alichungulia mtutu kwenye mwanga wa dirisha, hakuona mifereji, akaandika gobore. Nilimsahihisha kwa upole. Nilimwonyesha namba iliyochongwa kwenye chuma, na risasi yenyewe, ambayo hugongwa ukingoni mwa kitako ndipo ilipuke. Alijibu kwamba mwenye leseni amekufa, na mama huyu amekaa na silaha isiyo halali tangu msiba; tushukuru kwamba hamfungulii mashtaka. Bunduki itateketezwa pamoja na magobore mengine. Kuhusu gobore alikosea kabisa. Kuhusu ucheleweshaji alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma.

Shemeji alimuuliza taratibu, "Sasa afande, hao ndege utakuja kuwafukuza wewe?"

Aliendelea kuandika.

Kwelea walikuja. Nilishinda na shemeji shambani tukipiga madebe; tukiwainua upande huu, wanatua upande ule. Siku ya pili baba mdogo alifika na debe lake, akasimama kwenye mpaka wa mbali wa shamba, akapiga kutwa nzima. Jioni shemeji alikata suke moja, akalipukuta kiganjani. Yalidondoka makapi matupu. Alikung'uta kiganja kwenye kanga, akaingia kuwasha moto.