Mkaa Kwenye Ngoro ya Bibi

Enzi zetu kule Mpepai, somo halikuachwa darasani. Mwalimu wa sayansi alipotuambia kwamba almasi na mkaa ni ndugu, wote kaboni, ila almasi imebanwa chini kabisa ya ardhi kwa joto na uzito wa kutisha, mimi na binamu yangu Benadeta tulitazamana. Kufukia? Sisi Wamatengo? Hiyo ndiyo kazi yetu! Majani tunayalaza, tunayafukia kwenye ngoro, matuta yetu ya mlimani yaliyozunguka mashimo, yanageuka mbolea na maharage yananona. Mkaa ungeshindwaje kugeuka?

Benadeta hakutaka almasi ya kujipamba. Mama yake alikuwa ziwani, Mbaha, akianika na kuuza dagaa, na kila likizo zilikuja salamu tu. Alisema angerudi mambo yakinyooka. Basi mwanawe akaamua kuyanyoosha.

Tukafukia mkaa kwenye tuta la ngoro ya Bibi. Joto tuliliachia jua. Uzito tulikuwa nao nyumbani: Bibi mwenyewe. Kila alasiri tulimwekea kigoda palepale juu ya tuta. "Shikamoo Bibi, kaa upumzike." Naye alikaa, akitutangaza kwa majirani: "Wajukuu wangu wana adabu, hata wa katekista hawawafikii!"

Tulipofukua, mkaa ulikuwa mkaa. Lakini kando yake kilikuwapo kijiwe cheupe, kinang'aa. Tukakijaribu kwenye kioo cha Bibi cha kujitazamia. Mstari! Benadeta alilia kwa furaha. Tukakimbilia kwa mwalimu, naye akakipulizia pumzi. "Mnaona ukungu umeng'ang'ania? Kwenye almasi hutoweka papo hapo. Na kioo hata jiwe hili la kawaida hukikwaruza." Uso wa Benadeta ulinyauka, na mimi niliumia sana.

Bibi naye akaona kioo, kisha maharage yaliyong'olewa. Akatuma ujumbe Mbaha: "Njoo umfunze mwanao, mimi amenishinda." Mama mtu akadandia lori, akashuka kanga kiunoni, na viboko tulivipata sawasawa. Lakini usiku ule Benadeta alilala amemkumbatia, na kulipokucha mama akashindwa kuondoka. Hakurudi Mbaha tena.

Juzi mwanangu aliiuliza simu yake almasi hutokeaje. Ikamjibu vizuri kabisa. Akasema "poa," akajigeuza kwenye kochi, kucha safi, maharage yangu salama. Nikamwonea huruma: anajua yote kuhusu almasi, na hajawahi kuitaka kwa ajili ya mtu.