Mate ya Maksai Mgonjwa

Nakumbuka asubuhi moja, saa kumi na mbili na dakika ishirini, nikiwa nimeshika ndoo ya kukamulia katika zizi letu huko Dakawa. Ndama jike wa dada yangu Asia, wa miezi miwili, alimwendea mama yake kunyonya. Akavuta mara mbili tatu, miguu ya mbele ikajikunja, akaanguka. Nilidhani ameteleza. Nilipomgusa shingoni, alikuwa ameshakufa. Mdomoni hakuwa na kidonda hata kimoja.

Mwanangu, ndama yule nilimuua mimi. Nataka ujue nilivyomuua, kwa sababu sikuwa mzembe. Nilikuwa kijana wa mpangilio, niliyeishia darasa la saba lakini nasoma kila karatasi niliyoipata, na kila nililosikia naliandika kwenye daftari.

Zizini tulikuwa na maksai wanne wa mjomba, wa kulimia mpunga, pamoja na ng'ombe mmoja wa Asia na ndama wake. Asia ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Aliishi Mgeta, akilima karoti kwenye miteremko ambayo ng'ombe hapati hata pa kusimama, ndiyo maana mali yake yote ya mifugo aliniachia mimi. Ndama yule ndiye angekuwa ng'ombe wake wa pili.

Msimu wa kulima ulipokaribia, ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia vijiji vya jirani. Mzee Senga, jirani yetu, akanieleza njia ya kuuwahi: chukua kitambaa, kipake mate ya maksai mgonjwa, sugua ndimi za wazima. Wataugua pamoja na kupona pamoja, na msimu hautakupita.

"Niwasugue wote?" nikamuuliza.

"Wote. Usibakize."

"Na wanapona kweli?"

"Mwaka ule nilipowasugua maksai wangu sita, siku ya kumi na tano walikuwa shambani. Wewe kijana, unataka kulima au unanishtaki? Maswali kama ya mahakamani!"

Nikacheka, nikaandika. Kesho yake nikapata mate ya maksai mgonjwa katika kijiji cha jirani, nikasugua. Nilianza na ndama, kwa sababu ndiye aliyekuwa mwepesi kumshika. Siku ya nne akafa.

Mchana wa siku hiyo akaja Mama Mkude, afisa mifugo mstaafu wa Kilakala, aliyekuwa na shamba lake la mpunga karibu na letu. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia mpaka alipomaliza kumtazama ndama.

"Marahaba. Nani kakufundisha haya?"

"Mzee Senga, mama. Kwake walipona wote."

"Wote kina nani?"

"Maksai sita."

"Na ndama wangapi?"

Nikafungua daftari. Siku zilikuwamo, dalili zilikuwamo. Ndama hawakuwamo. Mwaka ule Mzee Senga hakuwa na ndama zizini, nami sikumuuliza.

"Mwandiko wako mzuri," akasema Mama Mkude, bila kutabasamu. "Ila umeandika habari za zizi la mwenzako, ukaenda kuzifanyia kazi kwa mnyama ambaye hakuwamo."

Kisha akanieleza, na baadaye nilisoma mwenyewe mpaka nikaelewa. Kirusi cha ugonjwa ule ni kidogo mno: ganda la protini, na ndani yake uzi mmoja wa maelekezo. Ukiingia kwenye seli, seli huusoma uzi ule kana kwamba ni maagizo yake yenyewe. Inatengeneza mnyororo mmoja mrefu wa protini, mnyororo unakatwa vipande; vingine vinajenga maganda mapya, vingine vinanakili uzi. Baada ya saa chache seli inapasuka na kumwaga virusi vipya kwa maelfu. Kwa ng'ombe mkubwa, kazi hiyo hufanyika zaidi kwenye ngozi ya ulimi na kwato, na ngozi huota tena. Kwa ndama mdogo kirusi huweza kuingia kwenye msuli wa moyo.

Tena kirusi hicho kinanakili bila kuhakiki, hivyo makosa yanabaki na aina zinaongezeka. Aliyepona aina moja anaweza kuugua nyingine. Ndivyo ilivyotokea mwaka uliofuata: maksai wale wale waliugua tena. Hata kinga niliyodhani nimewapatia kwa kitambaa changu, sikuwapatia.

Mama Mkude alinikataza kutoka Dakawa mpaka atakaponiruhusu. Kirusi kile hakina utando wa mafuta, alisema, kwa hiyo sabuni ya kawaida haikiui. Viatu vyangu alivisugua mwenyewe kwa maji ya magadi. Nilikaa wiki kadhaa na habari ile kifuani. Siku aliponiruhusu nikapanda lori la mboga kwenda Mgeta.

Asia alikuwa anaosha karoti. Nilimwambia yote, na kitambaa pia. Hakuacha kuosha.

"Alikuwa ameshaanza kula majani?"

"Alikuwa ameanza, dada."

Akaosha karoti nyingine, akaiweka kando. Halafu akasema, "Na wewe, tangu asubuhi umekula?"

Mwanangu, heri angenitukana.

Nasaha yangu ni hii. Ukipewa njia iliyomfaa mtu, uliza aliitumia kwa nani, na nani hakuwapo. Daftari lililopangika linaweza kuwa na kosa, na kwa kuwa limepangika hutalitilia shaka. Mifugo ikiugua, mwite mtaalamu kabla hujagusa kitu, na uichanje kila inapotakiwa, kwa chanjo ya aina inayotakiwa. Mnyonge kuliko wote zizini ndiye wa kumfikiria kwanza. Mimi nilimchagua kwanza kwa sababu alikuwa mwepesi kumshika.

Mungu akujalie subira ya kuuliza swali moja zaidi. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie mtu wa kumwambia ukweli wote, na wewe uwe na nguvu ya kupanda mlima kumfuata.