Pombe ya Migomba ya Babu

Baba alinifundisha kuonja pombe kambini, tulipokuwa wakimbizi Tanzania, na mpaka leo sijui kama nimshukuru au nimlaumu. Huko ndizi zilikuwa za kubahatisha, basi tulitengeneza pombe ya asali. Alinimiminia kidogo kwenye kikombe cha bati na kunikataza kumeza upesi. Kwanza inuse. Kisha iache ikae ulimini. Ukimeza, subiri uone kinachorudi kooni. Nikisema tamu, ananicheka: "Tamu ni sukari. Mimi nimekuuliza pombe." Nilijifunza kutambua iliyoharakishwa, iliyoingia moshi, iliyoanza kuchacha. Majirani walimletea za kwao huku wakiuogopa uso wake, maana pombe mbaya aliiita mbaya hata mbele ya mama mkwe.

Tuliporudi nchini kwetu, kijijini Gatete, tulikuta shamba la babu lina mwenyewe mwingine. Alikuwa amezaa pale, amezika pale, na migomba aliyoipanda babu ndiyo iliyomlelea watoto. Wazee wa usuluhishi walikaa, wakakaa tena, mwishowe wakaamua tugawane: sisi upande wa juu wenye mawe, yeye abaki bondeni kwenye migomba. Kugawana, eti! Mimi nakuita kunyang'anywa kwa heshima.

Kwetu shauri halifungwi kwa maneno matupu. Pombe huletwa, aliyeipika huonja kwanza ili watu wajue haina sumu, kisha waliokuwa wakigombana hunywa mtungi mmoja kwa mirija mbele ya wazee. Ukishanywa, umekubali. Lakini ikiwa mbovu hurudishwa, na shauri husubiri hadi ipikwe nyingine. Mimi nikashikilia hapo hapo. Kule Gitaza alikuwapo bibi mmoja aliyelima na babu, aliyeujua mpaka wote. Alikuwa mgonjwa, ila aliahidi kuja akipata nafuu. Tulihitaji muda tu.

Asubuhi ya kufunga shauri nikamwambia Baba, "Sema imechacha. Nani atakubishia? Wote wanaujua ulimi wako."

Akaendelea kufunga vifungo vya shati.

Jirani, yule wa bondeni, alileta mtungi, akanyonya, akafuta mdomo. "Muzee, karibu. Onja."

Baba akainama. Akaiacha ikae ulimini, akameza, akasubiri. Alikunja uso, moyo wangu ukaruka kwa furaha. Kisha akanyonya tena. Mtu harudii pombe mbovu, na yeye hasa. Nikajua tumekwisha.

"Iko muzuri," akasema.

"Muzuri kweli?" mzee mmoja akauliza, nadhani hata yeye alishangaa.

"Nimesema iko muzuri. Muniache ninywe."

Nami nikapewa mrija. Nilikuwa nimenuia kuichukia. Nikanusa, hakuna moshi. Ulimini ilikuwa nzito, mtama umekaangwa sawasawa, na iliporudi kooni ilirudi safi. Sikuwahi kuonja pombe kama ile. Ndizi za babu yangu, zimevundikwa kwa mikono ya mtu mwingine, na mtu huyo alijua kuvundika. Laiti angekuwa mvivu! Watu walipiga makofi, jirani akamshika Baba mkono kwa shukrani, "murakoze, muzee, murakoze," na Baba akaitikia kama mtu aliyefanyiwa hisani.

Bibi wa Gitaza alikuja baadaye, amepona. Alitembea na fimbo yake hadi bondeni, akatuonyesha mpaka ulipopita. Migomba yote ilikuwa yetu. Wazee wakamsikiliza vizuri sana, wakasema pombe imeshanywewa.

Baba amekufa, na kule juu kwenye mawe mgomba haukubali kukua. Napika pombe kwa ndizi za kununua, soko la Rumonge, na wateja wananisifu, wanasema nina mkono wa baba yangu. Mimi nikiionja najua kinachokosekana. Jirani naye amezeeka. Kila akipika ananiletea kidumu kidogo, anasimama mlangoni na kofia mkononi, kwa sababu haamini ulimi mwingine.

"Dada, iko namna gani?"

Nainusa. Naiacha ikae. Natafuta moshi, natafuta uchachu, natafuta chochote cha kunifanya niiteme miguuni pake. Miaka yote hii sijakipata. Namwambia iko muzuri, anashukuru, anaondoka. Nikishafunga mlango, namtukana Baba.