Mfalme Aliyefutwa Ukutani

Mwenyekiti wa wanafunzi wa Afrika Mashariki alinipa masharti mawili, na nikayakataa yote mawili pale pale, kwenye mgahawa wa mtaa wa Dengfeng, wali wangu ukiwa bado unatoa moshi. Chuo chetu cha Kichina kilikuwa kinaandaa siku ya wageni, na kila kundi lilitakiwa kupanda jukwaani. Igizo letu nililiandika mimi: maisha na utawala wa mwanamke aliyekuwa farao wa Misri ya kale. Sharti la kwanza, aitwe malkia. La pili, nitoe ndevu.

"Dada yangu, stori ni moto," alisema. Ni Mkenya, anasomea uhandisi, na hana ubaya. "Lakini mwanamke na ndevu? Watatucheka mpaka tushuke."

"Zilikuwa za bandia. Hata mafarao wanaume walivaa za bandia."

"Si useme tu malkia, yaishe?"

"Umalkia ulikuwa wa mwanzo. Mumewe alipokufa, akamshikia kiti mtoto wa mke mwenzake. Kisha akakikalia mwenyewe, akajiita mfalme, akatawala miaka ishirini na zaidi. Unataka nimshushe cheo leo?"

Alicheka, lakini hakulegea. Asubuhi ya siku yenyewe angetazama mavazi na pazia la nyuma ya jukwaa. Yakimchekesha, igizo linaondolewa na tunaingiza ngoma.

Kesho yake nilikwenda Kangle, kwenye vichochoro vya karakana za kushona. Nilifuatana na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, ambaye hununua nguo kule nami humtafsiria. Bosi wa karakana, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, alishika simu yangu akatazama picha mbili. Moja ilikuwa sanamu ya farao wangu: ndevu, kilemba cha mistari, kikoi cha marinda. Nyingine ilikuwa ukuta wa hekalu lake ulivyo leo. Baada ya kifo chake, yule mtoto aliyemshikia kiti, akiwa sasa mfalme, aliagiza sura zake zichongwe zitoke. Miungu imebaki imesimama pande mbili, na katikati kuna pengo lenye umbo la mtu.

Nilimweleza bosi achape ukuta kwenye kitambaa cha pazia na kuichora ile sanamu ndani ya pengo. Kisha, kwa mazoea ya kazi yangu ya ukalimani, nikamalizia na neno la Kichina ninalolisema Kangle kutwa nzima ili wateja wangu wasipewe mzigo tofauti na sampuli: "Yiyang. Yiyang." Sawasawa na picha.

Njiani mama alitaka kujua huyo mtu ni nani. Nikamweleza, na jinsi alivyotuma merikebu hadi nchi ya Punt, zikarudi na miti ya manemane yenye mizizi, imepandwa vikapuni.

"Yeye mwenyewe alituma?" aliuliza. "Na ndevu?"

"Na ndevu."

"Eh, *voilà*! Miye kampuni iko ku jina ya bwana. Bwana iko Lubumbashi analala, kazi ni yangu. Basi na miye unitafutie ndevu!"

Asubuhi ya siku yenyewe tulichukua mzigo. Mavazi yalikuwa yametoka vizuri kabisa. Tukafungua pazia, kitambaa kipana kuliko mlango wa karakana. Miungu ilikuwepo, nyufa zilikuwepo, hata alama za patasi. Katikati palikuwa patupu.

"Yiyang," alisema bosi, akiniwekea picha yangu mwenyewe mbele ya macho. Nikaomba achape upya. "Meiyou banfa," akajibu, haiwezekani, akarudi kwenye cherehani. Hakuwa na kosa. Alinipa nilichosisitiza.

Ukumbini mwenyekiti alizunguka pazia mara moja, mikono nyuma.

"Dada, huyo mtu wako hayuko hata kwa pazia lake," alisema. "Wacha tuite watu wa ngoma."

Kwa kweli hapo ndipo nilipokasirika. Nilifikiria patasi. Kuna mtu aliyelipwa kupanda ngazi na kumtoa mwanamke huyu ukutani, na sasa mwenzangu alitaka kuimalizia kazi hiyo kwa kipaza sauti.

"Usiite mtu," nikamwambia. "Tundika pazia. Chini kabisa, liguse sakafu."

"Halafu?"

"Tundika kwanza."

Nikavaa kikoi, nikafunga kilemba, nikabana ndevu kwa kamba nyuma ya masikio. Nikasimama nimegusa kitambaa kwa mgongo, katikati ya miungu. Pengo lilinizidi kidogo mabegani. Nikatanua viwiko mpaka nikalijaza.

Mwenyekiti alinitazama. Hakucheka. Alichukua kipaza sauti, akakipuliza.

Ukumbi ulipojaa alitangaza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili: "Na sasa, malkia wa—"

"Mfalme," nikasema, kabla hajafika mwisho.

Watu wakacheka, kama alivyobashiri. Wa mbele walielekeza simu kwenye kidevu changu. Kamba ilikuwa inanikata masikio, na sikuigusa. Kutoka viti vya nyuma ikaja sauti ya yule mama wa Lubumbashi, kubwa, bila aibu: "Mufalme! Amesema mufalme!"

Mwenyekiti akarudia kutangaza. Safari hii alisema mfalme. Nikangoja kicheko cha mwisho kiishe chenyewe, ndipo nikaagiza merikebu zangu ziondoke.