Mama wa Sarafu za Simu Mbele ya Wabunge

Ungemuona! Yule mama mubadilishaji wa pesa wa soko la Kindu hajui kusema bila vidole: kila neno analisugua kati ya gumba na kidole cha shahada, kama anachunguza noti mbovu. Siku ile alivaa kikwembe kipya, akasimama mbele ya wabunge wa jimbo waliotaka kufunga vibanda vyote vya sarafu za simu, zile pesa za mutandao zisizo na noti, na kibanda chake njo kinacholisha nyumba. Nyuma alikaa jirani yake wa sokoni, Mama Mbelu. «Pesa isiyoshikika,» mbunge mumoja akamucheka, «si uchawi huo, mama?» «Papa mheshimiwa,» mama akajibu, «wakati wa vita treni haikuja, noti zikachakaa mpaka hakuna aliyezipokea. Tulinunua sombe, majani yetu ya muhogo, kwa glasi ya chumvi. Noti ina saini ya serikali; nani alitia saini kwenye chumvi?»

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko! Mama Mbelu, aliyepima chumvi ile kwa mikono yake, akapiga vigelegele. Mbunge hakucheka. «Na mutu akipoteza yote?» Wenye vibanda wenzake, waliosimama karibu, wakamuvuta kikwembe: kana, mama, sema hakuna anayepoteza! Vidole vikatulia. «Atapoteza, papa. Hata mimi nilipoteza mwaka jana. Njo maana nimekuja kuomba sheria ya kutulinda, si kufuli ya kutufunga.» Wenzake wakainamisha vichwa. Mbunge akavuta karatasi, akashika kalamu. «Rudia polepole, mama,» akasema. «Ninaandika.»